Uzi: Kufuli la Ayodhya na rupia 179 za Shah Bano, au namna siasa kali za dini zilivyofunguliwa mlango India

Mwalimu wa Historia (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nianze na neno moja, maana tusipolinyoosha mapema tutapishana huko mbele. Katika Kiswahili chetu cha kila siku "Mhindi" na "Mhindu" hutamkwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mhindi ni mtu wa India, awe Mwislamu, Mkristo, Kalasinga au asiye na dini kabisa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Tofauti hiyo ya herufi moja ndiyo inayogombewa katika siasa za India tangu mwaka 1925, ilipoundwa mjini Nagpur jumuiya ya RSS, ambayo inafundisha kwamba taifa lile ni la Wahindu na kwamba wengine wanaishi ndani yake. Chama cha BJP, kilichoundwa mwaka 1980, ni mtoto wa jumuiya hiyo.

Katika uchaguzi mkuu wa 1984 BJP ilipata viti viwili. Bunge lina viti zaidi ya mia tano, na chama cha Congress cha Waziri Mkuu Rajiv Gandhi kilichukua zaidi ya mia nne. Miaka 30 baadaye, mwaka 2014, BJP ilipata viti 282 na kuwa na wingi wa kutawala bila kumtegemea mtu. Watu wengi wakiulizwa kilichotokea katikati hujibu kwamba Wahindu walizidi kuwa na msimamo mkali. Mimi naona jibu hilo linamruka mtu muhimu, yaani mwanasiasa asiye na msimamo mkali wa dini yoyote, anayetaka kura tu, na ambaye mfukoni ana ufunguo. Nitaeleza kwa mwanamke mmoja na mlango mmoja.

Mwanamke ni Shah Bano wa mji wa Indore. Aliolewa mwaka 1932 na wakili, Mohammed Ahmad Khan, wakazaa watoto watano. Mume alioa mke wa pili, na mwaka 1975 Shah Bano akatolewa nyumbani. Mwaka 1978, akiwa na miaka 62, alikwenda mahakamani kudai matunzo chini ya kifungu cha 125 cha sheria ya mwenendo wa jinai, ambacho kilikuwa kinamlinda mke asiyeweza kujitunza bila kujali dini yake. Kesi ikiwa inaendelea, mume akampa talaka isiyo na rejea, kisha akaieleza mahakama kwamba amekwisha kumlipa mahari yake ya rupia 3,000 na matunzo ya eda, kwa hiyo hadaiwi kitu. Hakimu akaamuru amlipe rupia 25 kwa mwezi. Mke alikuwa ameieleza mahakama kwamba mumewe alikuwa na pato la rupia 60,000 hivi kwa mwaka. Alikata rufaa, na Mahakama Kuu ya Madhya Pradesh ikapandisha hadi rupia 179 na paisa 20. Naomba tuishike hesabu hiyo ya paisa 20, kwa sababu ndiyo iliyokuja kutikisa nchi ya mamia ya mamilioni ya watu.

Mume aliipeleka rufaa Mahakama ya Juu, na tarehe 23 Aprili 1985 majaji watano wakaikataa. Wangeishia hapo huenda mambo yangekuwa mepesi. Badala yake hukumu ilinukuu na kufasiri aya za Qur'ani, ikalaumu hali ya wanawake katika Uislamu, na ikahimiza serikali ilete sheria moja ya ndoa na mirathi kwa raia wote. Kati ya majaji hao hakuwemo Mwislamu hata mmoja. Bodi ya Sheria za Waislamu ya India, ambayo imekuwapo tangu 1973, ikaitisha mikutano nchi nzima, na watu wakamiminika barabarani kwa maelfu.

Mwanzoni Rajiv Gandhi alisimama na hukumu. Alimruhusu waziri wake kijana, Arif Mohammad Khan, Mwislamu, aitetee bungeni, naye aliitetea kwa hoja za ndani ya Uislamu wenyewe. Kisha ikaja Desemba 1985, Congress ikaangushwa katika uchaguzi mdogo wa Kishanganj, jimbo la uchaguzi lenye Waislamu wengi katika mkoa wa Bihar, na aliyeshinda ni mmoja wa wapinzani wakubwa wa hukumu ile. Waziri Mkuu aligeuka. Waliosikilizwa kuanzia hapo ni masheikh wa Bodi. Waziri kijana akajiuzulu.

Sasa mlango.

Katika mji wa Ayodhya, mkoa wa Uttar Pradesh, palikuwa na msikiti wenye kuba tatu uliojengwa mwaka 1528, enzi ya mfalme Mwislamu Babur. Wahindu wengi wanaamini hapo ndipo alipozaliwa Rama, mmoja wa miungu yao. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1949 watu waliingia kwa siri na kuweka sanamu za Rama chini ya kuba la kati. Nehru, Waziri Mkuu wa wakati ule, alitaka ziondolewe. Mkuu wa wilaya alikataa, akidai damu itamwagika, na baadaye afisa huyo huyo akaingia bungeni kwa tiketi ya chama kilichoitangulia BJP. Mahali pale pakafungwa kufuli. Padri wa Kihindu aliruhusiwa kuingia kuzihudumia sanamu, na waumini wakawa wanaziangalia kwa mbali, nyuma ya vyuma. Hali hiyo ilidumu miaka 36, na kwa wakazi wengi wa India ulikuwa ugomvi wa mji mmoja mdogo.

Tarehe 1 Februari 1986, alasiri, jaji wa wilaya ya Faizabad, ilimokuwa Ayodhya, aliamuru kufuli lifunguliwe. Ombi lililetwa na wakili kijana ambaye hata hakuwa mmoja wa wadaawa katika kesi ya msingi, na Waislamu waliokuwa wadaawa hawakusikilizwa. Maafisa wa serikali walifika mbele ya jaji na kusema hawaoni hatari yoyote ya usalama. Haikupita saa moja baada ya amri, kufuli likawa limevunjwa, na kamera ya televisheni ya taifa ikawa pale pale kuonyesha umati ukiingia. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya serikali, India au kwetu, anajua kwamba amri ya mahakama haitekelezwi kwa dakika arobaini bila mkubwa kupiga simu. Siku 24 baadaye muswada wa kuitengua hukumu ya Shah Bano uliwasilishwa bungeni, na mwezi Mei ukapitishwa.

Kwa mtazamo wa mshauri wa kisiasa hesabu ilikuwa imekaa sawa: masheikh wamepewa sheria yao, mapadri wa Kihindu wamepewa mlango wao, na Congress imekaa katikati inavuna pande zote mbili. Ninachotaka wadau wakione ni kwamba kila zawadi ilitumika kuwa ushahidi mikononi mwa upande wa pili. Wahubiri wa Kihindu walikwenda vijijini na kusema: tazameni, serikali inafuta hukumu ya mahakama kwa ajili ya Waislamu. Wahubiri wa Kiislamu walikwenda misikitini na kusema: tazameni, serikali imeukabidhi msikiti wetu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kamati ya kuupigania msikiti iliundwa ndani ya mwezi huo huo wa Februari.

Nitapita haraka yaliyofuata. Mwaka 1989 jumuiya ya Kihindu ya VHP, ndugu wa RSS, ilikusanya matofali kutoka vijiji vingi vya India, kila tofali likiwa na jina la Rama na likiwa limesomewa ibada kijijini kwake kabla ya kusafirishwa. Fikirieni bibi wa kijijini ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa chama chochote, amelivisha tofali shada la maua. Kuanzia siku ile anayo sehemu yake katika jengo lililo mbali na kwao. Misafara hiyo ilipopita Bhagalpur mwezi Oktoba yalizuka mauaji ya watu wapatao elfu moja, wengi wao Waislamu. Hata hivyo serikali iliruhusu jiwe la msingi liwekwe tarehe 9 Novemba, na Rajiv Gandhi mwenyewe alizindulia kampeni zake eneo la Faizabad akiahidi utawala kama wa Rama. Matokeo: Congress ilishuka hadi viti 197, na BJP ikapanda kutoka 2 hadi 85. Mwenye kutaka siasa za Rama aliona hana sababu ya kumpigia kura anayeiga ilhali mwenyewe yupo.

Mwaka uliofuata L. K. Advani wa BJP alipanda gari la Toyota lililopambwa kama gari la vita la Rama, akaondoka hekalu la Somnath tarehe 25 Septemba kuelekea Ayodhya, mpaka alipokamatwa huko Samastipur, Bihar, tarehe 23 Oktoba. Na tarehe 6 Desemba 1992 umati mkubwa uliupanda msikiti na kuubomoa kwa mitaimbo na nyundo, kuba zote tatu, kabla jua halijazama, ilhali serikali ya mkoa ilikuwa imeiahidi Mahakama ya Juu kwamba jengo halitaguswa. Katika ghasia zilizofuata walikufa watu wapatao elfu mbili.

Nawakaribisha kwa hoja.

---

Mwanasheria wa Tanga

Mwalimu, nashukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Hata hivyo nadhani umemtwika marehemu Rajiv mzigo uliozidi kimo chake. RSS ilikuwa inafundisha vijana kila alfajiri kwa miaka 60 kabla ya kufuli kufunguliwa, na mtu aliyemuua Mahatma Gandhi tarehe 30 Januari 1948 aliwahi kuwa mmoja wao. Vilevile umelipita jambo la matabaka. Agosti 1990 Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kwamba asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zitatengwa kwa matabaka ya chini yaliyobaki nyuma. Tangazo lile lilikuwa linawagawa Wahindu wa juu na wa chini, na BJP ingebaki na wa juu peke yao. Gari la Advani liliondoka wiki chache tu baadaye. Mimi naliona kama jibu la swali la ajira lililovishwa nguo za dini.

Mwalimu wa Historia (mleta mada)

Wakili, hoja ya matabaka naipokea yote, na nakiri nilipaswa kuiweka mapema. Inaeleza kwa nini gari liliondoka Septemba 1990 na siyo mwaka mwingine.

Kuhusu mzigo wa Rajiv tuna tofauti ndogo. Ni kweli RSS ilikuwapo siku zote, ikiwa na nidhamu, vijana na subira. Lakini jambo hilo hilo ndilo linalonipa swali: kwa nini subira ya miaka 60 ilizaa viti viwili tu, halafu miaka mitano ikazaa 85? Mafundisho hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba dola ilianza kuyapa heshima. Mtu wa kawaida aliyekuwa akiona habari ya msikiti wa Ayodhya kama kelele za kikundi fulani, jioni moja aliwasha televisheni ya serikali na kuona polisi wamesimama kando, kufuli limevunjwa, watu wanaingia na maua. Mwaka uliofuata televisheni hiyo hiyo ilianza kuonyesha kisa cha Rama kila Jumapili asubuhi, na mitaa ikawa inabaki mitupu.

---

Binti Rufiji

Assalaam alaykum na salaam kwa wote. Mwalimu, naomba nikukosoe mahali pamoja nikiwa Mwislamu na mwanamke. Umewaweka walioandamana dhidi ya hukumu ya Shah Bano kana kwamba wote ni watu wa siasa kali. Wengi wao hawakuwa wanampinga bibi yule kupata chakula. Walikuwa wanaogopa majaji wasio wa dini yao kuwafasiria Qur'ani, katika nchi ambayo wao ni wachache na ambayo walikwisha kuchinjwa mara kadhaa. Hofu hiyo si ushabiki. Pili, umemwacha Shah Bano njiani. Aliishia wapi?

Mwalimu wa Historia (mleta mada)

Wa alaykum salaam, dada. Umenikosoa kwa haki. Mtu anayeilinda dini yake dhidi ya dola ya walio wengi yupo mbali na yule anayetaka dola iwe silaha ya dini yake, na mimi niliwachanganya. Ila nadhani hofu hiyo ya haki ndiyo iliyochukuliwa na wachache wenye sauti kubwa na kugeuzwa mtaji. Serikali ilipotaka kujua Waislamu wanasemaje, iliwauliza Bodi. Kulikuwa na wanazuoni, mawakili na wanawake Waislamu waliounga mkono hukumu, na waziri kijana alikuwa mmoja wao, hawakuulizwa. Naona hapo ndipo dola inapowatengenezea watu wa siasa kali cheo: inawatangaza wao kuwa ndio jamii, kisha inashangaa jamii inapowafuata.

Kuhusu Shah Bano, jibu linaumiza. Baada ya hukumu, nyumba yake ilifuatwa na watu mashuhuri waliomweleza kwamba ameiasi dini. Mwezi Novemba 1985 ilitolewa barua ya wazi kwa jina lake ikisema anaikataa hukumu iliyompa haki, kwa sababu inakwenda kinyume cha Qur'ani, na anajitenga nayo. Chini ya barua palikuwa na alama ya kidole gumba, maana hakuwa anajua kuandika. Miaka saba ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama iliishia katika wino wa kidole kimoja. Alifariki mwaka 1992.

Sheria iliyopitishwa 1986 ilisema mume atoe "riziki ya haki na ya kutosha" ndani ya muda wa eda. Danial Latifi, aliyekuwa wakili wa Shah Bano, aliipeleka sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaisoma hivi: malipo yafanyike ndani ya eda, lakini kiasi chake kiwe cha kumtosha mwanamke kwa maisha yake ya mbele. Na mwezi Julai 2024 mahakama hiyo ilithibitisha tena kwamba mwanamke Mwislamu aliyeachwa anaweza kudai matunzo chini ya kile kile kifungu cha 125. Yaani, baada ya miaka 39, misikiti na mahekalu yakiwa yamekwisha kuangushwa na kujengwa, na maelfu wakiwa wamezikwa, sheria imerudi pale alipokuwa amesimama bibi wa Indore.

---

Msafiri wa Pwani

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo. Swali langu ni jepesi. Wahindu ni takribani asilimia 80 ya wananchi wa India. Kama wanataka hekalu na wamekipigia kura chama cha hekalu, mnalalamika nini? Si ndiyo demokrasia yenyewe? Na isitoshe Mahakama ya Juu iliwapa kiwanja.

Mwalimu wa Historia (mleta mada)

Ndugu Msafiri, swali lako ni la msingi. Nianze na hukumu, kwa sababu hunukuliwa nusu. Tarehe 9 Novemba 2019 majaji walikabidhi eneo lote la ekari 2.77 kwa ujenzi wa hekalu na kuamuru Waislamu wapewe ekari tano mahali pengine. Katika hukumu hiyo hiyo walisema kuingizwa kwa sanamu mwaka 1949 kulivunja sheria, na kubomolewa kwa msikiti mwaka 1992 kulivunja sheria vibaya sana. Mwaka uliofuata mahakama nyingine iliwaachia huru washtakiwa wote 32 wa kesi ya ubomoaji, akiwemo Advani. Kwa hiyo maandishi ya dola yenyewe yanasema kosa kubwa lilitendwa, hakuna aliyelitenda, na kiwanja kimekwenda kwa upande ulionufaika nalo. Mimi siwezi kumfundisha mtoto darasani kwamba huo ni utawala wa sheria, hata kama umepigiwa kura.

Kuhusu asilimia 80: hiyo ni hesabu ya dini, na kura ni kitu kingine. Hata mwaka 2019, ilipopata viti 303, BJP ilipata chini ya asilimia 40 ya kura zote. Wahindu wengi hawakuipigia. Wanaosema "Wahindu wanataka" wanafanya kilichofanywa na Bodi mwaka 1985, yaani kuchukua sauti moja na kuiita jamii nzima.

Na watu wa Ayodhya wenyewe wamesema neno lao. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi wa BJP aliongoza ibada ya kuizindua sanamu ya Rama katika hekalu jipya, mbele ya wageni maelfu, nchi nzima ikitazama. Ili mahujaji wapite, barabara za mji zilipanuliwa, na nyumba na maduka mengi ya wakazi wa zamani yakakatwa au kubomolewa; wenye maduka walilalamika kwamba fidia waliyopewa haitoshi. Ukipita na picha za wakati ule utaona maduka yaliyobaki na kina cha hatua chache tu, mwenye duka amekaa karibu na barabara huku bidhaa zimebanwa ukutani.

Uchaguzi ulipofika, matokeo ya tarehe 4 Juni yaliipa BJP viti 240, pungufu ya 272 vinavyohitajika kutawala peke yake. Katika jimbo la Faizabad, ambalo ndani yake umo mji wa Ayodhya na hekalu lake, mgombea wa BJP aliyekuwa akitetea kiti chake alishindwa kwa kura zaidi ya elfu hamsini. Aliyemshinda ni Awadhesh Prasad wa chama cha Samajwadi, mzee wa zaidi ya miaka 70 kutoka tabaka la Dalit, tabaka ambalo kwa karne nyingi halikuruhusiwa hata kuvuka kizingiti cha hekalu. Jimbo lile halijatengwa kwa ajili ya Dalit. Alisimamishwa katika kiti cha wazi, akapigiwa kura na Wahindu na Waislamu. Bunge lilipokutana, wapinzani walimkalisha safu ya mbele kabisa, akitazamana na Waziri Mkuu.